Kabla Hujafungua Injini ya Kombi

Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliokuja na ovaroli zenu, habari za asubuhi? Asanteni kwa kuiacha Jumamosi yenu na kuvuka jiji hadi huku Buruburu kusikiliza habari za injini kuukuu.

Hapa mezani nimeweka pistoni moja na ringi zake, silinda yake, na hedi yenye valvu iliyoungua. Vyote vimetoka kwenye Kombi yangu ya 1974, lile gari la Volkswagen lenye injini nyuma, inayopozwa kwa upepo badala ya maji. Ndani ina kitanda, kabati na jiko la gesi. Watoto wangu wamelala humo Naivasha na Magadi, na mmoja alijifunza kusoma humo mvua ikinyesha nje. Kwa hiyo sizungumzi juu ya chuma tu.

Ilianza kuchoka kwenye mlima wa kutoka Mai Mahiu kwenda Rironi. Nilikuwa naupanda kwa gia ya tatu. Mwaka mmoja baadaye gia ya pili ikawa shida, na kila safari ya Naivasha ilikunywa nusu lita ya oili. Nikaipeleka gereji. Fundi akaisikiliza kwa dakika mbili, akaniambia injini imekufa, nitafute nyingine. Hakupima kitu. Ndiyo sababu nimesimama hapa leo: mgonjwa hapasuliwi kabla ya kupimwa, na injini ya Kombi inaweza kupimwa nyumbani, kwenye ua wa ploti, kwa vifaa vichache sana.

Anza na kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda ya kubana hewa. Washa injini ipate joto, zima, toa plagi zote nne, kata umeme wa koili, funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi la silinda moja baada ya nyingine, kisha mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho huku akipiga stata. Andika namba ya kila silinda. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa watu wengi wa Nairobi wamepoteza injini nzima bila sababu. Vitabu vya magari huandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu, na shinikizo la hewa yetu ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini inayosoma baa 8 kule pwani itasoma takriban 6 na nusu hapa, na haina ugonjwa wowote. Ukilinganisha na kitabu bila kukumbuka hilo, utaifungua injini nzima kwa kosa la hewa. Kitazame zaidi kile ambacho mwinuko hauwezi kukibadilisha, yaani tofauti ya silinda moja na nyingine.

Zangu zilisoma 5.8, 5.6, 3.2 na 5.5. Tatu zimechoka kwa pamoja, kama watu wa umri mmoja. Ya tatu ina neno lake.

Ile mbinu ya kumwaga oili kidogo kwenye silinda ili kujua kama ringi ndizo zinazovujisha, kwa injini hii siitegemei. Silinda za Kombi zimelala ubavu, hivyo oili hukusanyika upande wa chini na kuacha upande wa juu wa pistoni mkavu. Nilichofanya ni hiki: nilichukua plagi kuukuu, nikaitoboa na kuichomelea nipo ya tairi, kile kidude cha kujazia upepo, kisha nikamwomba fundi wa pancha wa kona yetu aniazime kompresa yake kwa saa moja. Pistoni ya namba 3 ikiwa imefika mwisho wake na valvu zote mbili zimefungwa, gari liko kwenye gia ya nne na hendibreki imevutwa, nikaingiza hewa. Halafu unatega sikio. Hewa ikilia kwenye kabureta, valvu ya kuingizia haifungi. Ikilia kwenye bomba la moshi, ni valvu ya ekzosti. Ikitokea mahali pa kutilia oili, ni ringi na silinda. Yangu ililia kwenye bomba la moshi kama nyoka. Binti yangu aliisikia kutoka dirishani.

Namba 3 ina historia. Kwenye injini za zamani, kipozea oili kilisimama ndani ya boma la feni, kikazuia upepo usiifikie silinda hiyo vizuri. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970 walikihamisha, lakini hata hivyo mimi huikagua namba 3 kwanza. Ndiyo maana nawasihi mpime nafasi ya valvu mara kwa mara, injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15. Valvu inavyochakaa, nafasi hiyo hupungua, mpaka siku moja valvu haifungi sawasawa, na ile miali ya moto hupita pembeni yake na kuila. Watu hufurahi injini inaponyamaza. Mimi hushtuka. Valvu inayogonga kidogo bado inafunga. Iliyonyamaza ghafla huenda inaungua.

Kipimo cha tatu ndicho kinachoamua pochi yako. Shika ile puli kubwa ya nyuma kwa mikono miwili, ivute kwako, isukume ndani. Krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ina ruhusa ya kucheza mbele na nyuma milimita 0.07 hadi 0.13, na ikipita 0.15 imevuka mpaka. Ukisikia ikigonga, toa geji upime kwa uhakika, kwa sababu hapo huenda beringi kubwa imekula kikalio chake ndani ya bloku, na hiyo ni kazi ya kupasua injini katikati. Yangu ilisoma 0.11. Sikuzuia kicheko cha furaha, peke yangu uani saa kumi na mbili jioni. Maana yake ni kwamba sehemu ya chini ilikuwa nzima. Injini niliyoambiwa imekufa ilihitaji hedi, silinda na pistoni tu.

Swali zuri, mzee wangu. Mzee anauliza kwa nini nisibadilishe ringi peke yake, maana ni bei rahisi. Ringi mpya ndani ya silinda iliyochakaa haikai. Ukuta wa silinda umeng'aa kama kioo na umepanuka. Nafasi kati ya pistoni na silinda ikifika milimita 0.2, hata ringi za dhahabu hazitakusaidia. Lakini injini hii ina huruma moja ambayo gari la rejeta halina: kila silinda ni kipande chake, unaichomoa kama kikombe. Gari lenye bloku ya chuma lazima bloku iende kuchongwa. Sisi tunanunua seti ya silinda nne na pistoni zake, tunavika.

Sasa kuishusha. Ondoa betri kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kisha ziba mpira wa petroli. Mipira ya petroli iliyozeeka ndiyo inayoteketeza Kombi, kwa hiyo hata kama injini yako haina shida, ukifika nyumbani leo ikague, na iliyopasuka utupe. Bloku hii ni ya magniziamu. Ikishika moto, maji huukoleza. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Injini ina zaidi ya kilo 100, kwa hiyo tafuta mtu wa pili na jeki ya magurudumu, muishushe taratibu mkiivuta nyuma hadi shafti ya giaboksi iachie klachi. Usiiache ining'inie kwenye shafti hiyo hata sekunde moja.

Silinda zikishatoka, ziba matundu kwa vitambaa safi. Nati moja ikidondoka ndani, umejitafutia kazi ya wiki mbili. Shika kila konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti, ivute na kuisukuma kwa mstari wake. Haitakiwi kuwa na mchezo wowote upande huo, ingawa kuteleza kidogo kushoto na kulia ni halali.

Hedi usizitengeneze nyumbani. Mimi nilizibeba hadi kwa mafundi wa mashine Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, na nikasimama pale hadi kazi ikaisha. Nendeni wenyewe. Mwombe fundi akuonyeshe nafasi kati ya vikalio viwili vya valvu na tundu la plagi, maana nyufa huanzia hapo. Yule kijana aliyenihudumia alinionyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye hedi moja kabla hata sijauliza, na akakataa kunitoza kwa kuisaga. Fundi wa namna hiyo mtunze.

Kufunga kunataka usafi na subira. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee flaiwili, lile gurudumu zito upande wa klachi. Sukuma kila ringi ndani ya silinda yake, upime mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi: milimita 0.30 hadi 0.45. Ukiona neno la Kijerumani OBEN kwenye ringi, upande huo unatazama juu ya pistoni. Mianya ya ringi isikae mstari mmoja. Nati za hedi zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio, hatua kwa hatua: stadi za milimita 8 ni nyutoni-mita 25, za milimita 10 ni 32. Usikaze kwa hasira. Magniziamu ni laini, na stadi iking'oka na nyuzi zake utalia.

Na zile bati za kuongoza upepo, pamoja na mpira unaozunguka chumba cha injini: rudisha vyote. Nimeona Kombi nyingi hapa jijini ambazo bati zilitupwa kwa sababu zilisumbua kufunga. Injini hiyo, ukiwa kwenye foleni ya Jogoo Road saa saba mchana, inavuta tena joto lake yenyewe.

Oili ni lita 2.5 tu, na haina filta ya karatasi, ina chujio la waya. Kwa hiyo ibadilishe baada ya kilomita 500 za kwanza, pima tena valvu siku hiyo hiyo, kisha kila kilomita 5,000. Taa ya oili usiisubiri ikushauri. Huwaka wakati presha imekaribia kwisha kabisa.

Mwezi wa nane tulipanda tena kutoka Mai Mahiu, gia ya tatu, watoto wamelala nyuma. Kombi iko hapo nje chini ya mwembe, na imepoa tangu asubuhi. Njooni mmoja mmoja mshike ile puli, mjue milimita 0.11 inasikikaje mkononi, kisha tufungue vifuniko tupime valvu pamoja. Vijana, leteni fila geji.