Mandazi Moja, Hatua Saba

ZAWADI: Hamjambo wasikilizaji. Mimi ni mwalimu wa elimu maalum, mwenzangu Mutua ni wa tibakazi, yaani occupational therapy, na leo tunazungumza na mzazi wa hapa Nairobi anayemfundishia mtoto nyumbani: mtoto mwenye usonji, mwenye Down syndrome, au yule ambaye uelewa wake unakua polepole. Tumechagua somo moja tu, kununua mandazi, na tutalichambua mpaka mfupa.

MUTUA: Kabla ya mandazi, Mwalimu, makaratasi. Kuna wanaomtoa mtoto shuleni Ijumaa, Jumatatu sebule imekuwa darasa.

ZAWADI: Na hilo huwarudia baadaye. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, kwa hivyo usimwondoe kimyakimya. Anzia kituo cha EARC cha eneo lako, kile kinachopima mahitaji ya kielimu ya watoto, au KISE, Taasisi ya Elimu Maalum kule Kasarani, mtoto apimwe. Uliza ripoti iseme anachoweza kufanya mwenyewe, isiishie kwenye jina la hali yake. Mtaala wetu una njia ya gredi, na una njia ya hatua kwa wale ambao gredi haziwafai. Hatua ni nne: ya msingi, ya kati, ya kabla ya ufundi, na ya ufundi. Huko mtoto hapandi kwa sababu ametimiza miaka, anapanda akishaweza. Miongozo iko kwenye tovuti ya KICD, taasisi inayotunga mtaala. Tathmini zake, KILEA ya hatua ya kati na KPLEA ya kabla ya ufundi, ni za KNEC, baraza la mitihani, na usajili hupitia shuleni, kwa hivyo usigombane na mwalimu mkuu.

MUTUA: Haya, sasa tuko kibandani.

ZAWADI: Bado tuko nyumbani! Kwanza vunja kazi. Moja, anachukua sarafu kwenye kopo. Mbili, mnatembea hadi kibandani. Tatu, anasimama mbele ya meza. Nne, anaonyesha kadi ya mandazi, au anataja akiweza. Tano, anatoa sarafu. Sita, anapokea. Saba, anakula.

MUTUA: Ya saba haihitaji mwalimu.

ZAWADI: Ndiyo maana tunaanzia mwisho. Siku za kwanza wewe unafanya hatua ya kwanza hadi ya tano, yeye anapokea tu na kula. Akipokea bila msaada siku tatu mfululizo, unamwachia ya tano: unamtia sarafu mkononi, anatoa, anapokea, anakula. Kisha ya nne. Unarudi nyuma hivyo hivyo. Kila siku somo linaishia mdomoni, na mtoto anajua kwa nini alitoka nyumbani. Ukianzia mbele, atachukua sarafu kwenye kopo, halafu atazunguka nayo bila kujua inampeleka wapi.

MUTUA: Sasa niseme kinachoharibu zaidi ya yote. Ni mdomo wa mzazi. “Toa pesa. Mpe mama. Mpe. Haya, mpe.” Mtoto anasubiri ile “haya, mpe” kama gari linavyosubiri taa. Baada ya mwezi unafikiri amejifunza kununua, kumbe amejifunza kungoja sauti yako. Msaada wa maneno ndio mgumu kuliko wote kuuondoa, kwa sababu mzazi mwenyewe hajisikii akiutoa.

ZAWADI: Kwa hivyo tusaidie vipi?

MUTUA: Simama nyuma yake, si mbele. Funga mdomo. Hesabu moyoni hadi tano. Asipotoa, shika kifundo cha mkono wake polepole uuelekeze. Kesho gusa kiwiko tu. Kesho kutwa bega. Halafu simama hatua moja nyuma. Akikataa kushikwa usimlazimishe, mwonyeshe kwa kidole. Na zile sekunde tano ni ndefu kuliko unavyodhani. Wengi wanafika mbili wanarukia.

ZAWADI: Niongeze kuhusu kadi. Usichapishe katuni ya mandazi. Piga picha ya mandazi ya kibanda kile kile, cyber watakuchapishia na kuilaminisha. Nyumbani, kata ubao wa ratiba kwenye katoni, upana wa shibiri moja, bandika vekro, panga picha nne kutoka juu kwenda chini: kuvaa viatu, kibanda, mandazi, nyumbani. Chini gundisha bahasha ya “imeisha.” Kila kitu kikikamilika, yeye mwenyewe anabandua picha na kuitia ndani. Ukimbandulia wewe, huo ni mchezo wako.

MUTUA: Na tengeneza kadi ya mabadiliko, ya kumwonyesha kwamba mpango umebadilika. Yoyote, hata alama nyekundu. Hapa kwetu stima zitapotea, mvua itanyesha, muuzaji hatafungua. Ifundishe siku nzuri: badilisha chai kwa juisi, onyesha kadi. Ukiitoa mara ya kwanza siku kibanda kimefungwa, kwake hiyo kadi itakuwa na maana moja tu, kunyimwa.

ZAWADI: Tuje kwa pesa, maana hapa ndipo wazazi hushangaa. Mtoto amejua sarafu ya shilingi 10 nyumbani, kibandani hajui.

MUTUA: Sarafu gani, Mwalimu?

ZAWADI: Swali ndilo hilo. Sarafu zilizotoka 2018 zina wanyama: twiga kwa shilingi 1, kifaru 5, simba 10, ndovu 20. Lakini za zamani zenye sura za marais bado ziko mfukoni. Ukimfundisha “simba ni kumi,” akipewa yenye rais ataitupa. Anza na simba pekee, sarafu halisi, zile za plastiki achana nazo. Akishaitofautisha na ndovu mara 8 kati ya 10, siku mbili, changanya ya zamani moja.

MUTUA: Halafu mtoto anasikia “nipe mbao.” Nyumbani ni ishirini, mtaani ni mbao, kumi ni ashuu, tano ni kobole. Wengine watanikasirikia, lakini akiwa anaelewa namba kwa sikio, mfundishe na haya. Ndiyo lugha ya kibandani.

ZAWADI: Rekodi weka kwenye daftari ya mraba. Mstari wa kulala ni hatua, safu ya wima ni tarehe. P ni peke yake, I ni ishara, M ni mkono. Hakuna hadithi. Ukiona M wiki mbili kwenye hatua moja, tatizo liko kwenye hatua, igawanye. Kutoa sarafu kunaweza kuwa vitu vitatu: kunyoosha mkono, kufungua kiganja, kuachilia.

MUTUA: Na hapo kwa kuachilia, wengine vidole havifunguki kirahisi, hasa wenye mtindio wa ubongo. Weka kisahani mezani, adondoshe sarafu pale badala ya kuilenga kwenye kiganja cha mtu.

ZAWADI: Saa nazo. Nenda saa nne asubuhi, foleni ikiwa imeisha na redio ya jirani imepungua. Asiwe ameshiba, wala asiwe na njaa ya kulia. Na kama nyumbani kuna mandazi kwenye bakuli, leo hakuna somo.

MUTUA: Ongea na muuzaji mapema. Watu wa kibanda wana huruma, na huruma hiyo itakuvurugia kazi: anaona mtoto amesimama, anampa mandazi bure. Mwombe mambo mawili. Asinyooshe mkono hadi mtoto atoe sarafu, na asimwulize maswali matatu kwa mpigo.

ZAWADI: Akishaweza kwa huyo, badilisha muuzaji kabla ya kubadilisha bidhaa.

MUTUA: Na akiugua wiki moja akarudi amesahau?

ZAWADI: Rudi hatua mbili, usirudi mwanzo. Kwa kawaida siku mbili tatu zinatosha kumfikisha alipokuwa.