Alinikimbilia: sentensi ya Kiingereza ndani ya neno moja la Kiswahili

(Mhadhara kwa walimu tarajali wa somo la Kiingereza)

Hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie vihusishi, yaani maneno kama "to", "for" na "at". Nitavizungumzia, ila siwezi kuviacha peke yake, kwa sababu makosa mengi tunayoyasahihisha kwenye madaftari hayatokei kihusishi kikiwa peke yake. Yanatokea pale kihusishi kinapokaa katikati ya kitenzi cha wakati uliopita na kiwakilishi. Vitabu vyetu vimevitenga: vihusishi sura yake, viwakilishi sura yake, wakati uliopita sura yake. Mtoto anapata zoezi la kila sura, tunamwekea vema, kisha tunamwambia aandike insha. Kwenye insha vyote vitatu vinamjia kwa mpigo.

Naandika ubaoni neno moja: alinikimbilia.

Tulichambue. A- ni mtenda. -Li- ya kwanza ni wakati uliopita. -Ni- ni mimi, mtendewa. Kisha mzizi, -kimbi-. Halafu ile -li- ya pili, ya huku mwishoni, ambayo ni kauli ya kutendea, yaani inayoonyesha kitendo kimemlenga nani. Kiingereza chake: "He ran to me." "He" ni a-. "Ran" imebeba kitenzi na wakati wake pamoja. "To" ni -li- ya kutendea, na "me" ni -ni-. Kila kipande kimepata mwenzake, ila foleni imepangwa upya: sisi tunamtaja mtendewa kabla ya mzizi wa kitenzi, wao wanasubiri kitenzi kipite, kihusishi kipite, ndipo naye apite.

Sasa futeni -li- ya pili. Alinikimbia. "He ran away from me." Silabi moja imeondoka na mtu aliyekuwa anakuja kwangu ameshatokomea. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anajua tangu hajaanza shule kwamba kipande kidogo kinaweza kugeuza mwelekeo wa sentensi. Anachokosa ni kukiona.

Na kukiona si rahisi, kwa sababu kauli ya kutendea haisemi wazi ni kihusishi kipi. Nilimwandikia barua. Je, barua ilikwenda kwake, au niliiandika kwa niaba yake? Kiswahili kinauachia muktadha uamue. Kiingereza hakikuachii: ama "I wrote a letter to him", ama "I wrote a letter for him". Chukueni na aliniibia simu. Hapa kutendea kule kule kumekuwa "from", na mwanafunzi anaandika "He stole me my phone". Mwalimu anapiga mstari mwekundu, anaendelea na daftari linalofuata. Mimi naona mstari ule haumfundishi kitu. Mwambie: neno lako lina kihusishi ndani, kimejificha kwenye mnyambuliko; kitoe nje, kisha amua kama ni "to", "for" au "from". "He stole my phone from me."

Kuna vitenzi vingine ambavyo ukivichambua hukuti kutendea kokote, lakini Kiingereza kinadai kihusishi. Nilimtazama, nilimtafuta, nilimtunza. Kwetu ni mizizi mitatu tofauti. Kwao ni mzizi mmoja: "I looked at him, I looked for him, I looked after him." Kazi ambayo kwetu inafanywa na mzizi, kwao imeangukia kihusishi. Ukikitupa, hujakosea pambo, umetupa nusu ya kitenzi. Ndiyo maana napenda mwanafunzi aandike "look for" kwenye orodha yake ya msamiati kama neno moja, akiweka na kiwakilishi nyuma yake: "looked for him, looked for her, looked for them". Vivyo hivyo alinieleza. "He explained me" haipo, ni "He explained it to me."

Halafu kuna wanaozidisha. Nilimpigia simu ina kutendea waziwazi, lakini Kiingereza ni "I called him", bila "to". "He married her", bila "with". Na "We discussed about it" mtaisikia mikutanoni, tena kwa wakubwa wenye vyeo. "Talked about it" ni sawa, "discussed it" ni sawa. Hiyo ya tatu imezaliwa kwa kuzichanganya hizo mbili.

Viwakilishi vyenyewe nitavipitia haraka. "I" hugeuka "me", "he" hugeuka "him", "they" hugeuka "them". "You" na "it" hazigeuki. Kwetu nako yapo: a- hugeuka -m-, u- hugeuka -ku-, lakini ni-, tu- na wa- zinabaki vilevile. Kwa hiyo wazo si geni, watu wanaogeuka ndio tofauti. Baada ya kihusishi, Kiingereza sanifu kinataka umbo la mtendewa. Kosa hujitokeza watu wakiwa wawili: "He gave it to my brother and I." Mwondoe kaka, usome tena: "to I". Sikio linakataa lenyewe. Msiwe wakali sana hapo, maana hata wenye lugha yao huteleza. Ugumu mkubwa zaidi kwa watoto wetu ni "him" na "her", kwa kuwa -m- yetu haiulizi kama ni mwanamume au mwanamke.

Tuje kwenye wakati uliopita. Nilimsubiri, kanusha. Sikumsubiri. -Li- imeondoka, imekuja -ku-. Je, kuna mtu hapa anaweza kusema "sikulimsubiri"? Mnacheka. Basi "I didn't waited for him" ni hiyo hiyo. "-Ed" imeondoka, imekuja "did": "I didn't wait for him." Lugha zote mbili zinataka alama ya wakati uliopita iwekwe mara moja tu. Waandikieni darasani hiyo "sikulimsubiri", waacheni wacheke kama mlivyocheka ninyi, halafu muonyeshe ya Kiingereza.

Lakini kuna kosa la wakati ambalo si la sarufi, ni la sikio. Msikilizeni Mwingereza akisema "looked at him" kwa kasi yake ya kawaida. "-Ed" hapo inatamkwa "t", nayo inarukia "at"; "h" ya "him" inamezwa. Unasikia kitu kama "lukta-tim". Na "talked to him"? "T" inakutana na "t", wakati uliopita unazama. Mwanafunzi anayeandika "Yesterday I talk to him" pengine ameandika alichosikia kwa uaminifu kabisa. Mtoto huyo hahitaji kukaririshwa orodha nyingine ya vitenzi. Anahitaji kuambiwa kwamba mahali hapo masikio hayatamsaidia, atazame "yesterday".

Jambo moja la mpangilio. "I picked up the pen" na "I picked the pen up" zote sawa. Weka kiwakilishi: "I picked it up", basi; "I picked up it" haikubaliki. Lakini "looked at it" haiwi "looked it at" hata siku moja. Utazitofautishaje? Sikiliza mkazo. "At" kwa kawaida hutamkwa kwa wepesi, "up" hupigwa kwa nguvu. Chenye nguvu humruhusu "it" aingie katikati.

La mwisho ni kihusishi kinachobaki peke yake mwishoni. Mshairi John Dryden mwaka 1672 alimlaumu mtunzi wa tamthilia Ben Jonson kwa kumaliza sentensi na kihusishi, na lawama za aina hiyo zikaja kuwa sheria ya shuleni. Watu hawakuacha: "Who did you talk to?" ndiyo Kiingereza cha kila siku. Na kwenye kauli ya kutendwa huna hata pa kukimbilia. Walinicheka: "They laughed at me." Nilichekwa: "I was laughed at." Angalieni kilichotokea. "Me" imepanda mbele ikawa "I". Wakati uliopita umehamia kwenye "was". "At" imeachwa pale pale, haina wa kumfuata, na haiondoki. Wanafunzi wengi wataandika "I was laughed", kwa sababu nilichekwa haiwadai kitu zaidi.

Toeni karatasi. Walinitafuta, walinitunza, walinisubiri: vigeuzeni viwe kauli ya kutendwa kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Nawapa dakika kumi.