Pesa ya Sauti Iende Wapi: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Homu Thieta, Mbeya

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Ndaga fijo kwa kuja na baridi hii. Nawaona mafundi wa Mwanjelwa na Kabwe, nawaona wenye vibanda vya mpira kutoka Uyole, na nimeambiwa wapo waliopanda basi kutoka Makambako.

Nieleze kinachoniuma. Mtu ananunua homu thieta, anaifikisha nyumbani, na sauti haifanani na ile aliyoisikia dukani. Akirudi kulalamika anauziwa waya wa HDMI, ule unaopeleka picha na sauti kwa pamoja, wenye kichwa cha rangi ya dhahabu, kwa bei inayokaribia ya spika. Anaufunga, na sauti inabaki vile vile. Pesa hiyo imetoka kwenye magunia ya viazi, na ilikuwepo sehemu ya kuiweka ikaleta tofauti.

Ndani ya waya wa kidijitali hamna besi wala trebo. Zinapita namba tu. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri au moja. Sauti ya filamu kwa kawaida hupimwa mara 48,000. Sikio zima la kijana hukomea karibu hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na hesabu inadai upime zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo vipimo hivyo vinatosha. Sasa namba zikisafiri kwenye waya, ni kama ujumbe wa muamala kwenye simu: ukifika, umefika na kiasi kile kile, na usipofika, hujapata kitu. Hakuna anayepokea shilingi elfu kumi zilizofifia. Waya mbovu wa HDMI utauona: picha inazima na kuwaka, vidoti vyeupe vinamwagika kwenye kioo, sauti inakatika. Kupunguza besi peke yake, au kuifanya sauti ya mwimbaji iwe nzito, hauwezi. Na dhahabu kwenye kichwa inazuia kutu, basi.

Unapochagua HDMI angalia uwezo na urefu. Picha ya 4K yenye mwendo kamili inahitaji waya unaobeba hadi gigabiti 18 (biti bilioni 18) kwa sekunde, na televisheni zenye HDMI toleo la 2.1 zinaweza kudai hadi 48. Sauti ya CD haifiki hata megabiti (biti milioni) moja na nusu. Mita mbili zinatosha? Nunua mbili, usinunue kumi.

Sasa, sauti inatokaje kwenye televisheni kwenda kwenye homu thieta? Wengi mnatumia waya wa AV, ule wa vichwa vyekundu na vyeupe. Unafanya kazi, ila unabeba kushoto na kulia tu, na sauti imeshageuzwa kutoka namba kuwa umeme na televisheni yenyewe, tena mara nyingi kwa kifaa cha bei ya chini. Ipo njia ya mwanga, tundu dogo la mraba lenye kifuniko, ambalo Toshiba walilileta mwaka 1983. Ukiwasha televisheni na kuelekeza kichwa cha waya wa mwanga uliochomekwa hapo kwenye karatasi, utaona nukta nyekundu. Hapo unajua tundu ni zima. Msiukunje waya huo kwenye kona kali, maana ndani ni uzi wa plastiki unaopitisha mwanga. Njia ya tatu ni HDMI yenye ARC, iliyoingia na HDMI 1.4 mwaka 2009, ambapo waya ule ule unarudisha sauti kutoka kwenye televisheni. Hapa watu wanakwama kwa jambo dogo sana: matundu yapo matatu, na kwa kawaida moja tu ndilo lililoandikwa ARC. Chomeka hilo. Halafu ingia kwenye menyu uwashe mawasiliano ya HDMI, ambayo Samsung wanayaita Anynet+, LG wanayaita Simplink na Sony wanayaita Bravia Sync. Yasipowashwa, mara nyingi ARC hukaa kimya na fundi analaumu waya.

Tuje kwenye mipangilio, na hapa naomba tukae. Kwenye menyu ya sauti ya televisheni, deki au king'amuzi utakuta maneno mawili: PCM na Bitstream. Ukichagua PCM, kifaa kinachotuma kinaifungua sauti chenyewe na kupeleka namba zilizo tayari. Ukichagua Bitstream, kinapeleka furushi la Dolby au DTS, mifumo ya kufunga sauti ya filamu, likiwa bado limefungwa, na homu thieta ndiyo inayolifungua. Waya wa mwanga unaweza kupitisha PCM ya pande mbili tu, kushoto na kulia. Kwa hiyo mwenye spika tano na sabufa akitumia waya wa mwanga huku deki ikiwa kwenye PCM, zile spika za nyuma hazipati sauti yake halisi kutoka kwenye diski. Zikilia, ni homu thieta inabuni. Huyo aweke Bitstream. Lakini mwenye sabufa ndogo ya bei nafuu yenye tundu la mwanga, isiyo na alama ya Dolby, akiweka Bitstream atapata ukimya au mkwaruzo mtupu. Huyo aweke PCM, na hajapoteza kitu, kwa sababu spika zake ni za kushoto na kulia tu. Fundi asiweke mpangilio mmoja kwa kila mteja. Auangalie mtambo kwanza.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ya yote ni haya: kwenye filamu milipuko inatikisa dirisha, lakini maneno hayasikiki. Katika sauti ya spika tano, mazungumzo mengi yamewekwa kwenye spika ya katikati. Kama spika hiyo imekufa, au haikufungwa, na mtambo bado unaamini ipo, maneno yanapelekwa kwenye tundu lisilo na kitu. Ingia kwenye mpangilio wa spika, uuambie mtambo kwamba ya katikati haipo, nao utayagawa maneno kushoto na kulia. Nimeona watu wakitaka kuuza mtambo mzima kwa ajili ya hilo! Na usiku, au mvua inapopiga bati, washa mpangilio wa usiku unaopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Kwa mama mwenye mtoto mchanga ndani, huo ni msaada mkubwa.

Jambo dogo: sauti ya king'amuzi iacheni juu, karibu na mwisho, mpunguze kwa rimoti ya homu thieta. Ukiibana sauti ya kidijitali kule mwanzo, kila desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) unazoshusha ni kama kupoteza biti moja. Na maneno yakitangulia midomo, tafuteni mpangilio wa kuchelewesha sauti, mwongeze kidogo kidogo hadi vikutane.

Sasa pesa. Waya wa spika ndio unaopitisha nguvu yenyewe, na ndio tunaoudharau. Tufanye hesabu. Spika iko mita 10 kutoka kwenye mtambo, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20 za shaba. Ule waya mwembamba unaokuja ndani ya boksi, tuseme wa milimita za mraba 0.2, utakuwa na ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa karibu omu 1.7. Spika ya omu 4 ikifungwa hapo inapata chini kidogo ya nusu ya nguvu ambayo ingeipata bila ukinzani huo, na besi inalegea. Badilisha uweke 1.5, unene ule ule mafundi umeme wanaouweka kwenye taa, ila uwe laini wenye nyuzi nyingi. Ukinzani unashuka hadi karibu omu 0.23, na spika inapata kama asilimia 89. Ukienda 2.5 unafika 93. Naona mzee pale anatikisa kichwa, lakini ndivyo ilivyo: waya wa duka la vifaa vya umeme unatosha, hauhitaji jina la kigeni.

Ila hakikisheni ni shaba. Sokoni kuna alumini iliyopakwa shaba, yenye ukinzani kama mara moja na nusu ya shaba safi. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukitokea mweupe ndani, ama ushushe bei na ununue mnene zaidi, ama uuache. Na mnapofunga, chanya kwa chanya kila upande. Spika moja ikigeuzwa, besi za pande mbili zinauana katikati ya sebule.

La mwisho ni mvumo, ule mlio wa hezi 50 unaoanza mara tu king'amuzi kinapounganishwa. Mara nyingi waya wa dishi umegusa arthi kupitia mlingoti, mtambo una arthi yake kupitia soketi, na mkondo unazunguka kwenye waya wa AV. Dawa ya kwanza ni waya wa mwanga, kwa sababu plastiki haipitishi umeme. Nawasihi, ndugu zangu, msikate pini ya arthi kwenye plagi ili kunyamazisha mvumo. Siku hitilafu ikitokea, bodi ya chuma ya mtambo itakuwa na volti 230, na mtoto ndiye wa kwanza kuigusa. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, wingu likifunga upande wa mlima Loleza, chomoeni plagi pamoja na waya wa dishi, maana HDMI imeviunganisha vifaa vyote kwa shaba na radi haichagui.

Hapa mezani kuna vipande vitatu vya waya wa spika, kimoja si shaba. Wembe huu hapa. Njooni mkwaruze, na maswali tuyaulizane huku mkishika waya.