Wanaume 40 Kwenye Barafu: Siku Yangu Asinou, Kupro

Assalam aleikum watu wangu, hamjambo nyote. Huo mvumo mnaousikia ni upepo, si maikrofoni mbovu. Niko milimani Kupro, nje kidogo ya kijiji cha Nikitari, na hicho kinyumba nyuma yangu, chenye paa la vigae lililoinama kama la ghala, ndicho kilichonitoa kitandani Nicosia saa kumi na moja alfajiri. Mama akiiona hii video atasema, "Yaani umevuka bahari yote hiyo kwenda kupiga picha makuta ya wenyewe?" Ndiyo, Mama. Na nalipwa. Kidogo, lakini nalipwa.

Hili ni kanisa la Panagia Phorbiotissa, ila wengi huliita Asinou tu. Ndani sitawaingiza. Ruhusa tuliyopewa ni ya picha za kumbukumbu za michoro ya ukutani, si za video zangu, na sitaki kuwaharibia wenzangu kazi. Kwa hiyo leo mtanisikiliza zaidi ya kutazama.

Huku nje hudhani kitu: mawe, udongo, mlango. Ukiingia unasimama kwanza macho yazoee kiza, halafu unagundua ni wewe unayetazamwa. Watu wamejaa ukutani, kwenye matao, mpaka juu ya kichwa chako. Kuna maandishi ya Kigiriki yanayosema gharama zote alitoa bwana mmoja, Nikephoros Magistros, mwaka ambao kwa hesabu yetu ni 1105 au 1106. Hiyo "au" ni kwa sababu mwaka wao ulianza Septemba. Mwenyewe kachorwa pia, kalishika kanisa dogo mikononi analikabidhi, utafikiri mtu anapeleka sinia ya biriani kwa mwenye harusi.

Lakini nikiingia mimi huenda moja kwa moja kwa wale 40. Kisa chao ni cha askari Wakristo wa mji wa kale wa Sebaste waliovuliwa nguo wakasimamishwa usiku kucha juu ya ziwa lililoganda. Kando waliwekewa hamamu yenye moto, atakayeikana dini akaote. Mmoja akashindwa akakimbilia hamamuni, na mlinzi mmoja, kwa kuwaona wale waliobaki, akavua nguo zake akaenda kujaza nafasi. Pale ukutani wamebanana, ngozi imewapauka. Aliyewachora hakuhadithiwa baridi, aliijua. Milima hii ya Troodos huanguka theluji, na ndiyo sababu ya paa lile la ghala: ni mwavuli wa mbao na vigae uliovalishwa juu ya matao ya mawe. Makanisa 10 ya namna hii yamo kwenye orodha ya UNESCO, tisa tangu 1985 na la kumi likaongezwa 2001.

Sasa hapa nataka watu wa Pwani wasogee karibu, kwa sababu jambo hili tunalijua. Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa chokaa Mombasa. Nimekua nikisikia habari za tanuri, matumbawe yanachomwa, chokaa inazimwa kwa maji inachemka kama sufuria ya uji, inaachwa ikae. Nilipofika huku kiongozi wetu akaanza kunieleza fresko ni nini. Dakika mbili tu nikamwambia, mama, hii ni lipu. Ni lipu ya chokaa, imechanganywa na nyasi kavu zilizokatwakatwa ili isipasuke, na mchoraji anapaka rangi kabla haijakauka. Chokaa ikivuta hewa inageuka jiwe tena, na rangi inafungiwa humo ndani. Rangi haikukaa juu ya ukuta, imekuwa ukuta. Babu angeishi kuliona hili angenicheka kwamba nimesomeshwa na mzungu kazi ya nyumbani.

Ndiyo maana pia fundi hakuwa na muda wa kusitasita. Alipaka lipu kiasi cha kazi ya siku, au ya ngazi moja ya jukwaa, akaanzia juu akishuka. Ukiweka taa ubavuni mwa ukuta, ikimulika kwa kukwaruza, unaona viungo vya lipu, jana na leo zilipokutana. Unaona mistari aliyoichora kwa ncha kabla ya rangi. Kwenye mduara wa nuru wa mtakatifu unaona kitundu kidogo katikati ya kichwa: hapo ndipo iliposimama bikari. Mara ya kwanza kukiona kile kitundu nilinyamaza kidogo. Miaka 900, na alama ya mkono wa mtu iko pale pale.

Kazi yenyewe? Inachosha, nisiwadanganye. Hakuna flashi. Kamera iko kwenye stendi, taa mbili pembeni zenye vichujio vya kuondoa mng'ao, na kila ukuta unapigwa kwa vipande vinavyoingiliana zaidi ya nusu ili kompyuta ije iviunganishe. Kila kipande kinaandikwa: ukuta gani, urefu gani kutoka sakafuni, siku gani. Na kuna kale kakadi ka rangi kanakowekwa ndani ya picha ya kwanza ili baadaye ujue nyekundu ni nyekundu kweli au ni taa yako imedanganya. Mimi nilikuwa mpiga picha wa harusi, nikijiona nimebobea. Siku ya kwanza nikapiga ukuta mzima bila kuweka kakadi. Picha nzuri ajabu, na hazikufaa hata moja. Tukarudia zote, na hakuna aliyeniambia neno, jambo lililoniuma kuliko kutukanwa.

Adui wa michoro hii si mmoja. Kuna maji: kigae kimoja kikihama, tone linashuka miaka 20 bila mtu kujua. Maji yakipanda kutoka chini yanabeba chumvi, chumvi inachanua juu ya lipu kama unga, na lipu inabambuka. Nyumba za Mji wa Kale mmeona, huo huo ugonjwa. Kuna masizi ya mishumaa. Kuna mgeni anayeandika jina lake kwa msumari, na hao si wa leo tu, wengine waliandika karne na karne nyuma.

Halafu kuna msumeno.

Mwaka jana nilivuka kituo cha ukaguzi kwenda kaskazini, kwenye kanisa la Antiphonitis. Msinitie kwenye siasa za Kupro, kisiwa kimegawanyika tangu vita vya 1974, Wagiriki kusini, Waturuki kaskazini, na kila mtu ana maumivu yake. Juu kwenye kuba Kristo bado yuko. Shusha macho kwenye kuta: palipokuwa na Siku ya Hukumu na Mti wa Yese, yaani ukoo wa Kristo, michoro ya karne ya 15, ni mapengo. Wezi walikata wakauza. Mwaka 1997 polisi wa Ujerumani waliingia kwenye fleti za mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale mjini Munich, na vipande vya Antiphonitis vikawa miongoni mwa waliyoyakuta. Kikanisa cha Lysi, huko huko kaskazini, nacho kilikatwa kuba lake vipande 38. Wakfu wa Menil wa Marekani ukavilipia kwa makubaliano na Kanisa la Kupro, ukaviunga upya, vikaoneshwa Houston kuanzia 1997, na 2012 vikarudi Nicosia. Vimo kwenye jumba la makumbusho, maana kurudi Lysi kwenyewe bado haikuwezekana.

Mjomba aliniuliza, picha inazuia nini sasa? Mwizi hazuiliki kwa picha. Kweli, mjomba. Lakini sikiliza kisa cha mozaiki, picha za vijiwe vya rangi, za kanisa la Kanakaria kule kaskazini, za karne ya sita. Ziliibwa, na 1988 mfanyabiashara Mmarekani akanunua vipande vinne kwa zaidi ya dola milioni moja. Kesi ikaenda Indianapolis. Kumbe watafiti walikuwa wameshalipima na kulipiga picha kanisa lile kabla ya vita, kwa ubishi ule ule wetu wa kuandika urefu kutoka sakafuni. Mwaka 1989 mahakama ikaamua ni mali ya Kanisa la Kupro. Kitu kisicho na picha unakidai vipi?

Na nisisahau: tangu 2008 kuna kamati ya pamoja ya Wagiriki na Waturuki wa Kupro inayokarabati makanisa na misikiti, pande zote mbili. Ninapita karibu na misikiti hiyo, nikipata nafasi ninaswali.

Padri mmoja wa huku milimani, kusikia natoka Kenya, aliniuliza natoka Riruta? Akijua ile seminari ya Nairobi yenye jina la Makarios wa Tatu, askofu mkuu wao na rais wao wa kwanza. Nikamwambia mimi Muislamu wa Mombasa. Akacheka, akaniongeza kahawa.

Haya, naitwa ndani. Kesho hatuko hapa, tunarudi kwenye kikanisa kingine ambacho jina sitalitaja, hakina mlinzi. Kuna mtakatifu kwenye ukuta wa kaskazini. Tulipompiga picha mara ya mwisho, unga wa chumvi ulikuwa umefika kwenye kifundo cha mguu.