Kadi Yenye Nukta Kumi na Moja: Timu ya Programu Inapohamia Ajaili

KAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo hatuna mgeni, tuko wawili tu, na dada ameniahidi kisa. Dada, za tangu juzi?

DADA: Njema, kaka. Kisa ninacho. Ni cha timu niliyofanya nayo kazi nilipokuwa mpimaji wa programu. Jumatatu moja tuliitwa sote tukaambiwa, kuanzia leo timu hii inafanya kazi kwa ajaili, yaani kutengeneza programu vipande vidogo vidogo na kumpa mtumiaji mapema.

KAKA: Kuanzia leo.

DADA: Leo hiyohiyo. Kikao cha Jumatatu kikapewa jina la kupanga sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi, kwetu wiki mbili. Ripoti ya asubuhi ikawa mkutano wa kusimama. Meneja wa mradi akawa mkuu wa skramu, skramu ikiwa mojawapo ya njia za ajaili. Ukaletwa ubao mweupe na kadi za rangi, kila kadi kazi moja. Miezi mitatu ikapita, na hakuna mtumiaji hata mmoja aliyekuwa amepata kitu kipya mkononi.

KAKA: Hata mmoja?

DADA: Hata mmoja. Tulikuwa tumezoea kutoa toleo mara mbili kwa mwaka, na hapo hapakuguswa. Tuliikata ile miezi sita vipande vya wiki mbili mbili, basi. Mwandishi wa programu alimaliza msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, katika sprinti ya kwanza, mimi nikaupima katika ya tatu, na mteja akaja kuuona mwisho wa nusu mwaka. Kama alitaka kitu tofauti, alijua siku hiyo.

KAKA: Hapo ndipo ninapoumia, dada, kwa sababu nimeona timu nzuri zikichoka namna hiyo, kisha zinasema ajaili haifai. Ngoja nirudi nyuma kidogo. Februari 2001, watu 17 wa kazi hii walikutana Snowbird, mahali pa michezo ya theluji katika jimbo la Utah, Marekani. Kent Beck alikuwepo, Martin Fowler, Ward Cunningham, Ken Schwaber, Jeff Sutherland na wenzao. Wengi wao walikuja na njia zao, na skramu yenyewe ilikuwa imeshatangazwa tangu 1995. Walichokubaliana ni tamko fupi lenye mambo manne wanayoyathamini na kanuni 12. Katika yale manne hakuna ubao wala kadi. Sprinti haimo.

DADA: Yanasemaje?

KAKA: Watu na maelewano yao kuliko taratibu na zana. Programu inayofanya kazi kuliko lundo la nyaraka. Kushirikiana na mteja kuliko kuvutana naye juu ya mkataba. Kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Halafu wakaongeza sentensi ambayo watu wengi wanairuka: kwamba hivyo vingine navyo vina thamani, ila hivi wanavithamini zaidi. Kwa hiyo anayesema ajaili maana yake hakuna kuandika nyaraka, ameliacha tamko njiani.

DADA: Na ile njia ya zamani, ya maporomoko? Mahitaji, usanifu, msimbo, kisha kupima?

KAKA: Mchoro wa hatua hizo watu huwa wanaunasibisha na mtaalamu wa programu Winston Royce, makala yake ya 1970. Lakini Royce mwenyewe, katika makala hiyohiyo, alionya kuwa kwenda hivyo ni kujitakia hatari, maana kupima kunakuja mwisho, na hapo ndipo unagundua kwa mara ya kwanza kwamba mfumo hauwezi ulichodhani unaweza.

DADA: Na mimi ndiye niliyekaa hapo mwisho. Basi nikwambie kilichotubadilisha. Mwenzetu mmoja, kijana mpole, hasemi sana, alianza kuweka nukta. Kila asubuhi anapita ubaoni na kalamu nyekundu. Kadi ambayo haijasogea tangu jana anaitia nukta moja pembeni. Hakumwambia mtu. Baada ya wiki mbili hivi tukasimama mbele ya ubao tukaona kadi ya kubadilisha nenosiri ina nukta 11.

KAKA: Siku 11 imekaa palepale.

DADA: Palepale, safu ya "Inapimwa". Yaani kwangu. Na kazi ya kuipima ilikuwa ya saa mbili. Moyo ulinidunda, nikadhani wataniambia mimi ndiye mzembe. Yule kijana akasema, hebu tuhesabu. Tulikuwa watu saba. Kadi zilizoanza na hazijaisha zilikuwa 19. Kwenye safu yangu peke yake, tisa.

KAKA: Mshika mbili moja humponyoka, sembuse tisa.

DADA: Ndiyo hivyo. Kila mwandishi wa programu akimaliza sehemu yake, anachukua kadi mpya, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana amekaa bure. Zile anazomaliza zinaangukia kwangu. Kila mtu ana shughuli, na hakuna kinachoisha.

KAKA: Tulikalie hili kidogo, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na inasaidia sana. Inaitwa kanuni ya Little, imetoka kwenye nadharia ya foleni. Timu yenye kazi 20 mkononi, inayomaliza tano kwa wiki, kila kazi itachukua wastani wa wiki nne kutoka kuanza mpaka kuisha. Ukipunguza zilizo mkononi ziwe 10, na bado mnamaliza tano kwa wiki, wastani unashuka hadi wiki mbili. Hakuna aliyekimbia zaidi, kilichopungua ni kusubiri.

DADA: Nasi ndivyo tulivyofanya. Tukaandika namba tatu juu ya safu ya "Inapimwa". Zikifika tatu, hakuna kuongeza. Mwandishi wa programu aliyemaliza msimbo wake hana ruhusa ya kuanza kadi mpya, anakuja kupima na mimi.

KAKA: Wakakubali?

DADA: Wiki ya kwanza ilikuwa chungu. Mmoja alinijia akasema hakusoma miaka minne ili aje kubofya vitufe. Sikumjibu. Nilimpa kadi ile ya nenosiri, nikamwonyesha kwamba mtu akibofya kiungo cha barua pepe mara mbili, mfumo unamfungia akaunti. Aliliandika yeye kosa hilo. Akakaa kimya, kisha akaniuliza, umekuwa ukifanya haya kwa mkono kila toleo? Nikasema kila toleo. Mchana huohuo akaanza kuniandikia vipimo vinavyojiendesha vyenyewe.

KAKA: Hapo sasa. Ningependa kila meneja anayetusikiliza alisikie hili. Huwezi kumtolea mtumiaji kitu kila wiki mbili ikiwa kukagua mfumo mzima kunamchukua mtu mmoja wiki tatu kwa mkono. Haiwezekani, hata mkisimama kila asubuhi mpaka miguu ife ganzi. Vipimo vya otomatiki, kuunganisha msimbo kila siku badala ya kila mtu kukaa na wake mwezi mzima, kutoa toleo kwa amri moja. Mambo haya hayapendezi kwenye mafunzo ya siku mbili, lakini bila hayo sprinti ni kalenda tu. Kent Beck na wenzake walikuwa wakisisitiza kupima na kuunganisha namna hiyo tangu miaka ya 1990.

DADA: Kwetu yalichukua karibu mwaka. Naomba msikilizaji asidhani ni wiki mbili.

KAKA: Na meneja? Maana ulisema cheo chake kilibadilika jina.

DADA: Meneja alikuwa mtu mwema, nataka nilitamke wazi. Tatizo lilikuwa pale tunaposimama. Tulisimama nusu duara, yeye katikati, na kila mtu alimtazama yeye anaposema. "Jana nilifanya hiki, leo nitafanya kile, sina kikwazo." Wa pili vilevile. Ukiwa na kikwazo hukitaji, kwa sababu anayekusikiliza ndiye anayekuandikia tathmini ya mwaka.

KAKA: Kumbe dakika 15 za mkutano wa kusimama zimekuwa za kujitetea.

DADA: Kabisa. Tukajaribu kitu kimoja: tunausoma ubao badala ya kuulizana watu. Tunaanza upande wa kulia wa ubao, kwenye kadi iliyo karibu kuisha, tunauliza hii inangoja nini. Meneja akaombwa asimame nyuma yetu. Alikubali, na nakumbuka siku ya kwanza mikono yake hakujua aiweke wapi. Siku ya tatu nikasema mbele ya wote kwamba sijapata ruhusa ya kuingia kwenye seva ya majaribio, siku sita sasa. Akatoka palepale akapiga simu. Saa tano nilikuwa nayo.

KAKA: Hiyo ndiyo kazi yake. Kabla hatujamaliza, kuna swali la msikilizaji. Anasema mteja wao anataka tarehe maalum na bei maalum, mkataba umeshasainiwa, je, ajaili bado inawezekana? Mimi nasema inawezekana, ila kwa ukweli. Tarehe ikifungwa na pesa ikifungwa, kinachobaki kulegea ni orodha ya vitu. Mwekeni mteja apange kipi kije kwanza, na mumwonyeshe kilichokamilika kila wiki mbili. Mkifunga vyote vitatu, ubora ndio utakaolipa, na mtakuja kumlipia mteja baadaye kwa hitilafu.

DADA: Mimi ningeongeza, mwonyesheni akiwa ameshika yeye kompyuta. Msimbofyie. Mteja wetu wa kwanza alipopewa kipanya, alikaa dakika nzima akitafuta kitufe tulichokuwa tunajivunia. Tulikihamisha siku iliyofuata.

KAKA: Na mwingine anasema yeye ni kiongozi wa timu ndogo, bosi hataki kusikia neno ajaili.

DADA: Asilitaje. Kesho asubuhi ahesabu kazi zilizoanza na hazijaisha, aiandike namba hiyo mahali timu inapoiona. Halafu atafute kalamu nyekundu.

KAKA: Dada, ile kadi ya nenosiri iliishia wapi?

DADA: Ilihamia "Imekamilika" Alhamisi, na jioni hiyo ikaenda kwa watumiaji peke yake, bila kungoja toleo. Ilikuwa mara ya kwanza. Yule kijana aliibandua ubaoni, na sijui kama aliitunza, lakini mimi ningeitunza.

KAKA: Ahsante sana, dada. Ahsanteni mliotusikiliza. Wiki ijayo tutazungumza kuhusu kukadiria muda wa kazi, tuleteeni maswali yenu mapema.