Waya Ulikuwa wa Nani? Neno kwa Wasambaza Wi-Fi wa Mwanza

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Nawashukuru kwa kunialika. Nawaona hapa vijana mnaosambaza Wi-Fi Igoma, Mabatini, Nyegezi hadi Buswelu, na hasa ni ninyi ninaotaka kuzungumza nanyi. Mnanunua intaneti kwa jumla, mnairusha kwa antena za juu ya mapaa, mnaiuza mtaani kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi. Ni kazi ya maana sana, maana kuna mwanafunzi anayesoma usiku kwa sababu yenu. Ndiyo sababu nataka niwasimulie habari za kampuni iliyofanya biashara ya namna hiyohiyo Marekani, ikawa kubwa kuliko zote, kisha intaneti ya kasi ikaipita huku inatazama.

Kampuni yenyewe ni America Online, wengi waliiita AOL. Ilianza mwaka 1985 kwa jina la Quantum Computer Services, ikabadili jina mwaka 1991. Mteja alikuwa na simu ya mezani, anachomeka modemu, modemu inapiga namba ya AOL, basi ameingia mtandaoni. Desemba 1996 wakaacha kutoza kwa saa, wakaweka bei moja ya dola 19.95 kwa mwezi. Watu wakafurika, laini zikajaa, ukipiga unaambulia mlio wa simu inayotumika. Kufikia mwaka 2002 walikuwa na wateja zaidi ya milioni 26 Marekani peke yake.

Hapa kwenye modemu niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitokea humo.

Simu ya mezani ilitengenezwa ibebe sauti ya mtu. Inapitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, zaidi ya hapo inakata. Modemu kazi yake ni kuigeuza data iwe sauti, ule mlio wa kukwaruza ambao wakubwa hapa mnaukumbuka, ili ipenye katika nafasi hiyohiyo. Kituo cha simu kinaipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8, yaani alama nane za 0 au 1. Ukizidisha unapata biti 64,000 kwa sekunde. Biti moja haikuweza kutegemewa, zikabaki saba, na saba mara 8,000 ni 56,000. Hiyo ndiyo kilobiti 56 iliyoandikwa kwenye modemu za mwisho. Wimbo wa megabaiti 5 ulichukua kama dakika 12, tena laini ikiwa njema. Hapakuwa na fundi wa kuongeza zaidi, kwa kuwa mfumo wa simu wenyewe uliishia hapo.

Sasa tazameni jinsi jambo hilo lilivyompendelea muuzaji. Kwa mwenye waya, yaani kampuni ya simu, mteja wa AOL alikuwa mtu anayepiga simu tu, kama anayempigia shangazi yake. AOL hawakuhitaji kuingia kwenye kituo cha simu wala kumwomba mtu ruhusa. Palipokuwa na simu, nao walikuwepo.

Kisha ikaja intaneti ya kasi iitwayo DSL. Inapita kwenye waya uleule wa shaba, ila kwa mawimbi ya masafa ya juu kuliko sauti, na mawimbi hayo yanachoka upesi. Kilomita kama tano tu, yamekwisha. Kwa hiyo mashine ya kuyapokea lazima ikae kwenye kituo cha simu cha mtaa wenyewe, pale waya unapoishia. Na kituo kina mwenyewe, kina mlango, kina kufuli. Njia ya pili ya kasi ilikuwa kebo ya televisheni, nayo ina mwenyewe.

Watu husema AOL walilala. Mimi sikubali. Waliona mapema, na Januari 2000 wakatangaza kuungana na Time Warner, kampuni ya habari na burudani iliyokuwa na kebo. Muungano ukakamilika Januari 2001. Lakini serikali iliukubali kwa sharti kwamba kebo hiyo ifunguliwe pia kwa washindani, EarthLink wakiwemo. Na ndani ya nyumba yenyewe, kitengo cha kebo kilikuwa tayari kinauza intaneti yake iitwayo Road Runner. Kwa nini kimkabidhi AOL wateja wake? Mwaka 2002 kampuni ikaandika hasara ya karibu dola bilioni 99, nyingi ikiwa thamani iliyofutwa vitabuni.

Mwaka 2003 wakajaribu kumwambia mteja: nunua laini ya kasi kwa mwenye waya, halafu utulipe na sisi kwa barua pepe na habari zetu. Nani analipa mara mbili? Mwaka 2006 wakavitoa bure. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani na mdhibiti wa mawasiliano walikuwa wamewaondolea wenye kebo na wenye simu wajibu wa kuwapa wauzaji wengine njia. Huduma ya kuingia mtandaoni kwa kupiga simu AOL waliifunga tarehe 30 Septemba 2025.

Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba ananielewa: siku mwenye mtumbwi akiamua kuuza mwenyewe sokoni, uhodari wako wa kupanga bei hautakusaidia.

Turudi kwetu. Nyaya za intaneti za baharini zilipofika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaleta uwezo huo huku Kanda ya Ziwa, waliokuwa wanategemea dishi la setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani hawakuweza tena kushindana kwa bei. Na tangu mwaka 2005 leseni zetu zimetenganisha mwenye miundombinu, mwenye mtandao na anayetoa huduma kwa mtumiaji. Sheria yenyewe inawaambia mmesimama wapi. Wengi wenu mko hapo mwisho.

Lakini Mwanza ina jambo moja linalowasaidia. Kuchimba mtaro wa faiba kwenye majabali ya Igogo au Mabatini ni shughuli nzito, wakati kutoka kilima hadi kilima antena zinaonana vizuri. Kilima mnacho. Mkikodi juu ya jabali kwa pamoja, kwa mkataba wa miaka, mkasimika mlingoti wenu, mna kitu ambacho mwenye faiba atakihitaji. Ila juu ya maji muwe waangalifu: ziwa linaakisi mawimbi, yale yaliyoakisiwa yanakutana na yaliyonyooka na kuyafifisha, kwa hiyo anayetaka kurusha kuelekea Ukerewe apange urefu wa milingoti kwa hesabu, asibahatishe.

Na msinunue kwa mtu mmoja tu. Kuwa na njia mbili ni gharama, najua, lakini jumuikeni watatu au wanne mzigawane.

Nimeombwa niache muda wa maswali. Kabla ya hapo, mwenye mkataba wake wa jumla kwenye simu aufungue sasa hivi, atafute kifungu cha kusitisha huduma, aone anapewa taarifa ya siku ngapi. Wewe wa kule nyuma, umekipata? Tusomee.