Oti za kuoka kwa embe na ndizi, bila oveni: moto wa juu na wa chini

Haya watazamaji wangu, karibuni uani, leo tunapikia nje. Kila nikiweka mapishi ya kuoka mnaniandikia, "Dada, sisi hatuna oveni." Jamani, mkate wa kumimina mama zetu walikuwa wanauoka na nini? Sufuria, mkaa chini, mkaa juu, basi. Na oti ni hivyo hivyo. Kifungua kinywa cha watu sita, kina matunda, hakina hata punje ya sukari ya kuongeza.

Makaa nimeshayawasha, na wewe yawashe kabla hujashika kitu kingine. Tunataka makaa yaliyokolea, yamevaa jivu jeupe, hayatoi moshi. Na uwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, usijifungie chumbani na jiko la mkaa. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Vitu vyetu. Oti vikombe viwili, kikombe cha mililita 250, kama gramu 200 hivi. Chukua zile bapa kubwa, siyo zile laini za kumwagia maji ya moto, hizo zitakutolea uji uliokauka. Bekingi pauda kijiko kimoja cha chai. Chumvi kidogo. Ndizi mbivu mbili, mayai mawili, maziwa kikombe kimoja na nusu. Embe moja kubwa. Korosho kiganja kimoja. Hiliki na mdalasini.

Kwenye hiliki hapa nisimame kidogo, ndiyo biashara yangu. Hii inatoka milimani huku kwetu Tanga, Usambara Mashariki, upande wa Amani. Nunua yenye ganda. Mdogo wangu, sogeza kamera hapa... karibu zaidi. Unaona ganda hili la kijani limefunga? Nalipasua kwa kucha, hizi punje ndani ni nyeusi na zina unyevu, zinashikana. Hiyo ndiyo hiliki. Ukipasua ukakuta punje kavu, za kahawia, zinamwagika kama mchanga, harufu imeshakwenda. Punje za maganda sita, kwenye kinu, twanga. Ya kusagwa kabisa dukani mimi siichukui, huwezi kujua imekaa miezi mingapi.

Tuendelee. Oti, bekingi pauda, chumvi, hiliki, mdalasini nusu kijiko cha chai, vyote bakuli moja, koroga. Ndizi ponda kwa uma, piga mayai humo humo, mimina maziwa. Changanya na oti. Ukiwa na tui la nazi, toa maziwa weka tui, tena mimi nalipenda zaidi, ila leo nimetumia maziwa kwa sababu wengi mnayo.

Sasa utaangalia hapa utasema, mbona majimaji? Ndivyo inavyotakiwa. Usiongeze oti! Acha dakika kumi, oti zinywe. Ukiongeza sasa hivi, itatoka kavu ya kukwama kooni.

Wakati zinakunywa tulimenye embe. Hili ni dodo. Dodo nalipenda kwa kazi hii kwa sababu nyama yake ni nyingi na halina nyuzi. Sindano nalo tamu sana, ila nyuzi zake zitakusumbua kwenye meno. Boribo pia safi. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, nusu tunachanganya ndani, nusu tunapanga juu.

Kuna anayeuliza kila mara, naweza kuweka nanasi? Unaweza, ila lipike kwanza. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini, ukiliacha kwenye maziwa linayakatisha na kuyatia uchungu. Papai nalo lina cha kwake. Nanasi lichemshe dakika chache kwenye sufuria likaukie maji yake, lipoe, ndipo utie. Pasheni mimi namwagia juu wakati wa kula, siipiki.

Sufuria: nzito, kipenyo cha sentimita 22 mpaka 24. Mfuniko uwe wa bati au alumini, bapa, wenye ukingo wa kuzuia makaa. Wa kioo hapana, utapasuka. Wenye kishikio cha plastiki hapana. Ndani napaka samli, halafu natandika jani la mgomba. Jani hili nimelipitisha juu ya moto kidogo, ona lilivyobadilika rangi, limelainika, halikatiki ukilikunja. Linazuia kushika chini na linaacha harufu nzuri mno. Huna jani, paka samli vizuri tu, nyunyiza oti kidogo chini.

Mimina. Panga embe, panga korosho. Funika.

Sasa naomba usikilize, hata kama unakata vitunguu huko uliko, acha. Moto wa chini uwe mdogo. Mdogo! Watu wanaweka makaa mengi chini kwa sababu ndivyo tulivyozoea kupika, halafu chini inaungua na juu bado mbichi. Natoa makaa kwenye jiko kwa koleo... natoa... natoa tena. Nimebakiza matano madogo, nimeyapanga pembezoni, katikati pako wazi. Umeona? Katikati pako wazi. Mengine yote yanapanda juu ya mfuniko. Juu mengi, chini machache. Kama una vifuu vya nazi, makaa yake yaweke juu, yana moto mkali na yanafaa kwa kupalia.

Mwenye oveni: nyuzi 180, dakika 35 mpaka 40, umemaliza, tutakutana kwenye kukata.

Sisi wa mkaa tusubiri, na nikuambie kwa nini nazipenda hizi oti. Ule utelezi unaouona kwenye uji wa oti unaitwa beta-glukani, ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Ndizo zinazosaidia kushusha lehemu mbaya, yaani kolesteroli mbaya, mwilini. Mwaka 1997 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu watengenezaji kuandika kwenye pakiti kwamba oti zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, na kiwango kilichotajwa ni gramu 3 za nyuzinyuzi hizo kwa siku. Kipande kimoja cha leo hakikufikishi huko, nakwambia ukweli, ila kinakusogeza. Na sukari, Shirika la Afya Duniani linashauri ile ya kuongeza isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku, na ikishuka chini ya sehemu moja ya ishirini ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai. Hebu hesabu mwenyewe chai yako ya asubuhi na andazi. Ndizi ikiiva mpaka ganda likawa na madoa meusi, utamu wake unatosha. Mwenye kisukari nawe kumbuka ndizi na embe vina sukari yake, chukua kipande kidogo.

Ngoja, ngoja. Mdogo wangu, leta kamera. Upepo wa kaskazi umegeuka, unaona makaa ya upande huu yamekolea kuliko ya kule? Yakiendelea hivi upande mmoja utaungua. Nazungusha sufuria nusu mzunguko, naweka bati la kukinga upepo. Ukipikia nje chungulia kila baada ya dakika kumi. Na chini... moto wa chini, mdogo. Mkono wangu naweza kuuweka karibu na jiko nikahesabu mpaka nane bila kuutoa. Ukiutoa ukiwa kwenye tatu, punguza.

Dakika thelathini na tano, harufu ya hiliki imefika mpaka barazani. Kufunua nako kuna namna yake. Shika mfuniko kwa koleo, nyanyua wima, usiinamishe, kisha peleka pembeni ndipo uteremshe. Ukiinamisha, jivu lote ndani. Wima... lensi imeingia mvuke, futa, futa. Haya. Tazama: juu imepata rangi ya kahawia, embe limekunjamana pembeni na limetoa asali yake. Choma kijiti katikati, siyo pembeni. Kimetoka na unyevu kidogo bila ute mbichi. Imeiva. Kikitoka na ute, rudisha mfuniko dakika tano, makaa ya juu tu, ya chini toa yote.

Sasa toa kwenye jiko, uache. Najua watoto wamesimama mlangoni na sahani. Dakika ishirini. Ukikata ya moto inamomonyoka yote, inabidi uile kwa kijiko. Ikipoa inashikana.

Hii nyingine niliioka mapema, imeshapoa. Nashika jani la mgomba pande mbili, nanyanyua, inatoka nzima. Bandua jani. Sikiliza kisu kinavyopita juu kwenye korosho... kra. Ndani laini, kipande kinasimama.

Mimi naila na mtindi usio na sukari na kahawa chungu. Watoto wape na maziwa. Ukiwa na friji inakaa siku tatu mpaka nne, ipashe kwenye kikaango kikavu, mfuniko juu, moto mdogo. Huna friji, kwa joto letu la pwani imalize siku hiyo hiyo, ina mayai na maziwa.

Hiliki ya Usambara ninayo, yenye ganda, ya msimu huu, napima kuanzia gramu 50. Mdalasini wa vijiti pia upo. Niandikie hapo chini uko mkoa gani, mzigo wa basi unaondoka Tanga kila siku. Na atakayeioka kwa mkaa anitumie picha ya upande wa chini, ndio nitakaoutazama kwanza.